Usanisinuru

Huu mwaka wa tatu niko Japani, mkoa wa Gunma, nafundisha Kiingereza shule za serikali ila kwa cheo cha msaidizi, wenyewe wanatuita ALT, yaani darasa ni la mwalimu Mjapani, mimi nasoma kwa sauti watoto wanarudia. Kazi naipenda. Mchana nakula nao humohumo darasani, wali, supu na maziwa, wanagawiana wenyewe, na baadaye utawaona na matambara wanafuta korido.

Ila Kiingereza kinawatesa jamani. Tangu 2020 ni somo kamili kuanzia darasa la tano, lakini uliza kaswali kadogo, darasa zima kimyaaa. Juzi nikamsogelea binti mmoja, jibu kashaandika kwenye daftari tena sahihi kabisa, kaliziba na kiganja, anaogopa kukosea mbele ya wenzake.

Huo ukimya naujua, ndio ulikuwa wetu Tanzania tulipoingia fomu wani, masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza. Tofauti ni kwamba sisi tulinyamaza biolojia, jiografia, hesabu, karibu kila kipindi. Wa huku kengele ikilia yameisha, nishapita nje ya maabara nikaona watoto wa miaka 13 wameinamia hadubini wanabishana kwa Kijapani jani linajitengenezeaje chakula, mwalimu kakaa pembeni anawasikiliza. Mimi usanisinuru niliisoma shule ya msingi nikaielewa, jua, maji, hewa, sasa fomu wani ikaletwa fotosinthesis tukaikariri kama kasuku na ilipita miezi ndio nikagundua kumbe ni kitu kilekile!! Na ukiropoka Kiswahili unavalishwa kibao shingoni.

Najua mtu atasema si hicho Kiingereza ndio kinakupa kula. Kweli, na nashukuru sana. Lakini hawa wanaonilipa ndio wanatengeneza magari yaliyojaa Dar, na daktari anayenitibu huku kasomea udaktari kwa Kijapani. Kwao Kiingereza ni somo moja, anayefeli anafeli hilo moja. Sera yetu ya elimu ya 2014 iliandika kabisa Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, na mdogo wangu leo yuko fomu tuu anakariri vilevile kama mimi.

Wiki iliyopita nimempigia, nikamuuliza osmosisi ni nini, akanimwagia Kiingereza chote bila kosa hata moja. Nikamwambia haya, mama yupo hapo pembeni, mweleze na yeye aelewe. Akanyamaza.