Msikifanye Kijerumani Kiwe cha Viza Tu

Juzi nilikuwa kwenye sherehe ya binti wa mtaani kwetu aliyechaguliwa chuo kikuu kusoma Kijerumani, lugha na fasihi. Ukafika wakati wa nasaha, mzee mmoja akasimama: "Mjukuu wangu, hongera. Lakini hayo mashairi yao waachie wenyewe. Piga B1 yako, upate Ausbildung, uondoke." Yaani afaulu mtihani wa lugha wa ngazi ya kati, apate mafunzo ya kazi huko Ujerumani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Binti akajibu, "Ahsante babu," akainamisha macho.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Sina ugomvi na wanaoondoka. Ujerumani inahitaji wauguzi, na mwaka 2024 Kenya ilitiliana saini nayo mkataba wa kupeleka wafanyakazi wenye ujuzi. Kijana akipata nafasi aende, na wazazi wake wapumue. Nakubali pia kwamba ajira kwa waliosoma fasihi ni ngumu. Nimesoma na watu ambao mpaka leo wanahangaika. Ninachokataa ni hii imani kwamba Kijerumani kwetu sisi ni tiketi tu, na kwamba anayekisoma kwa kina anapoteza ada ya mzazi.

Sehemu kubwa ya historia yetu iliandikwa kwa Kijerumani. Nenda Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kuna majalada ya utawala wa Wajerumani, ya ardhi, kodi, mashamba na kazi, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Dunia nzima imekubali kwamba ni mali. Sasa fungua moja. Kurasa nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa ule mwandiko wao wa zamani, Kurrent, ambao herufi e inafanana na n, na u unaitambua kwa kikunjo kidogo kilichowekwa juu yake. Mwenye cheti cha C1, ngazi ya juu ya lugha, anaweza kuukodolea macho ukurasa mmoja asitoke na sentensi hata moja.

Na tuseme mwandiko umeushinda. Bado kuna lugha yenyewe. Ofisa anapoandika kwamba jumbe fulani "hat" amefanya jambo, analithibitisha. Akiandika "habe", anakuambia kwamba ndivyo alivyoelezwa, yeye mwenyewe hathibitishi. Herufi chache tu ndizo zinazotenganisha tukio na madai ya mtu. Msomaji asiyeziona atachukua uvumi wa akida mwenye chuki na jirani yake, aufanye historia ya ukoo mzima. Jicho la kuona hayo mimi sikulipata kwenye kozi ya mazungumzo ya dukani na kituo cha basi. Nililipata kwa Kleist, mwandishi wa Kijerumani, kwenye hadithi yake ya 1810 ya Kohlhaas, mfanyabiashara wa farasi ambaye bwana mmoja mkubwa alimzuilia farasi wake wawili, akaja kuwakuta mifupa mitupu. Alipokosa haki mahakamani akashika silaha. Humo maneno ya mabwana, mahakimu na mawakili yamenukuliwa ukurasa baada ya ukurasa kwa namna hiyohiyo ya "habe", na mwalimu wetu hakuacha kutuuliza: nani anasema hapa? Amejuaje? Anafaidika na nini? Hayo ndiyo mashairi tunayoambiwa tuwaachie wenyewe.

Tena hao "wenyewe" ni nani? Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiitwa Emily Ruete. Humo anasimulia nyumba ya baba yake kwa mapenzi makubwa, na humohumo anautetea utumwa wa Waarabu. Kitabu hicho kinahitaji kusomwa na watu wa pwani, tena polepole, kwa lugha aliyoichagua mwenyewe.

Halafu kuna Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alitoka Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Maandishi yake ni uti wa mgongo wa kile kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1904 akamuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku, na utawala wa kikoloni ukawakatalia kushuka. Mwanamume yuko mbele ya pwani yake mwenyewe, anarudishwa kwa sababu ya mke aliyemuoa! Akarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Tunasoma desturi zake, lakini ni wangapi kati yetu wanaweza kusoma zile barua za kiofisi zilizomzuia?

Na wapo wanaosema kwamba fasihi ni anasa ya matajiri. Walioghani tenzi vibarazani kwetu hawakuwa matajiri.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji. Mabaki ya wazee wetu na vitu vyao bado viko kwenye makumbusho za Ujerumani, na daftari zinazoeleza vilitoka wapi na nani alivichukua zimeandikwa kwa Kijerumani. Tukikaa mezani na wao, tutawategemea watusomee daftari zao?

Vyuo navyo vina lawama. Ukimpa mwanafunzi Goethe, mshairi wao mkuu, muhula mzima bila hata siku moja kumpeleka kwenye majalada ya nyumbani, lazima aone anasoma mambo ya watu. Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa: somo la mwandiko wa Kurrent mwaka wa pili, jedwali la herufi, nakala za majalada, na mwalimu mvumilivu. Tasnifu za mwaka wa mwisho zitoke humo, ziandikwe pia kwa Kiswahili, ili watu wa Kilwa, Pangani na Songea wazisome.