Gari la Shule Linahitaji Hewa Kabla ya Kitakasa Mikono

Shule zote nchini zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, baada ya kufungwa tangu katikati ya mwezi Machi kwa sababu ya korona, maswali ya wazazi wengi hapa Tanga yaliishia kwenye lango la shule. Waliuliza kama ipo ndoo ya maji tiririka, kama ipo sabuni, na kama madawati yameachanishwa. Yalikuwa maswali ya haki. Lakini mtoto anayepandia gari Pongwe, likapita Kange na Majani Mapana kuokota wenzake, kisha likazunguka Chumbageni kabla ya kumshusha shuleni, hufika kwenye ndoo hiyo akiwa amekwisha kukaa muda mrefu bega kwa bega na watoto wa madarasa na mitaa mbalimbali, mara nyingi vioo vikiwa vimefungwa. Kwa maoni yangu, hofu ya wazazi kuhusu usafiri wa watoto wakati wa janga ni hofu ya kweli, ila huelekezwa mahali pepesi. Mambo mawili ya kuuliza kwanza ni idadi ya watoto ndani ya gari na hewa wanayoivuta.

Kwamba mikono ilipewa uzito mkubwa kuliko hewa si jambo la kushangaza, kwa sababu ndivyo ulimwengu mzima ulivyoelekezwa mwanzoni. Tuliambiwa kuhusu matone yanayoruka mtu anapokohoa au kupiga chafya, na kuhusu vitasa na meza. Baadaye ushahidi ulipozidi, Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2021 kwamba virusi hivyo husafiri pia katika chembe ndogo sana zinazotoka mtu anapopumua, anapozungumza au anapoimba, na kwamba chembe hizo huweza kuelea kwa muda mrefu mahali pasipo na mzunguko wa hewa. Kitakasa mikono hakiwezi kuifikia hewa hiyo. Na watoto wa chekechea, kama anavyojua yeyote aliyewahi kupanda nao gari, huimba kuanzia wanapoketi mpaka wanaposhuka.

Sasa tazama magari yenyewe. Machache ni mabasi makubwa, na mengi ni Haisi, Coaster na Noah zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kupewa kazi ya shule. Wakati wa kaskazi, joto la Tanga linapokuwa halivumiliki hata asubuhi, gari lenye kiyoyozi hufungwa vioo vyote ili ubaridi usipotee, na kiyoyozi hicho mara nyingi huwa kimewekwa kuzungusha hewa ileile ya ndani badala ya kuvuta ya nje. Mzazi huliona gari hilo kuwa la hadhi, na yuko tayari kulilipia zaidi, ilhali kwa upande wa maambukizi linaweza kuwa baya kuliko gari kuukuu lenye vioo vinavyofunguka. Wakati wa masika, mvua hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kiyoyozi, kwani kila dirisha hufungwa ili sare zisilowe.

Dereva mmoja niliyemuuliza kuhusu jambo hili alinijibu bila kuzunguka: "Mzazi, nikiacha vioo wazi watoto watatoa mikono nje, na likitokea la kutokea nitalaumiwa mimi." Jibu lake lina uzito, na si vyema kulipuuza kwa kusoma tu maelekezo ya afya. Hata hivyo, si lazima dirisha lifunguliwe lote. Gari likiwa katika mwendo, upenyo mwembamba kuliko mkono wa mtoto kwenye dirisha la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili huisaidia hewa ipite na kubadilika, na mkono wa mtoto haupati nafasi ya kutoka hadi begani. Fundi wa magari anaweza kuweka kizuizi ili kioo kisisogee zaidi ya hapo. Kiyoyozi nacho mara nyingi kina swichi ya kuvuta hewa ya nje, na kuibonyeza hakugharimu chochote.

Suala la idadi ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa mfuko. Katika wimbi la mwaka 2021 daladala ziliagizwa zibebe abiria waliokaa tu, maarufu kama "level siti". Kwenye gari la shule agizo la namna hiyo hupoteza maana haraka, kwa kuwa kiti cha watu wazima watatu hukaliwa na watoto watano, mdogo akapakatwa na mkubwa, na bado mwenye gari anaweza kuapa kwamba hakuna aliyesimama. Na wazazi tumo ndani ya hesabu hiyo. Tukishinikiza ada ya usafiri ishuke hadi mwisho, mwenye gari hufidia pengo kwa vichwa vya watoto, maana mafuta hayashuki bei kwa sababu sisi tumelalamika kikaoni. Anayetaka watoto wapungue ndani ya gari lazima aseme nani atalipia safari ya pili, na pia akubali kwamba kundi la safari ya kwanza litaamshwa alfajiri.

Kwa mji wetu, lakini, ipo nafuu ambayo miji yenye vilima na msongamano haina. Tanga ni tambarare, na kwa miaka mingi umekuwa mji wa baiskeli. Wapo watoto wa Ngamiani wanaopanda gari kwenda shule iliyo barabara chache tu kutoka nyumbani kwao, wakazungushwa mjini kwanza kwa sababu ndivyo njia ya dereva ilivyo. Watoto hao wangeweza kutembea kwa kundi wakiongozwa na mtu mzima mmoja ambaye wazazi wamekubaliana kumlipa, na viti vyao vikabaki kwa wale wa mbali ambao hawana njia nyingine. Bajaji, ambayo wengine huiona kuwa suluhisho kwa sababu iko wazi pande zote, siipendekezi; hewa inayo, lakini ikisheheni watoto haina kinga yoyote dhidi ya gari linaloigonga.

Kuhusu barakoa nitasema kidogo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwezi Agosti 2020 haukuwataka watoto wa miaka mitano na chini yake wavae, na kwa wale wa miaka 6 hadi 11 uliacha uamuzi utegemee hali ya maambukizi na uangalizi uliopo. Kwa hiyo katika gari la chekechea barakoa za kutazamwa kwanza ni za dereva na matroni. Kinachowatia wazazi hofu, aghalabu, si mtoto mwenyewe kuugua sana, kwani wengi wao walipata dalili nyepesi, bali ni bibi au babu anayeishi nyumba hiyohiyo na ambaye ndiye humpokea mtoto mchana. Hofu hiyo ilizidi kwa kuwa takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, na kwa zaidi ya mwaka mmoja mzazi alipima hatari kwa kusikiliza habari za misiba mtaani.

Wako watakaosema kwamba hayo yamepita, kwa kuwa hali ya dharura ya korona ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023. Si kila ugonjwa huingia kwa mlango mmoja, na Marburg iliyozuka Kagera mwaka huohuo huambukiza kwa majimaji ya mwili, jambo ambalo dirisha haliwezi kulizuia. Lakini kifua kikuu na surua hupita hewani, na Tanzania ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Isitoshe, gari lililojaa kupita kiasi ni hatari hata siku ambayo hakuna anayekohoa.

Katika vikao vya wazazi, basi, ningependa makubaliano ya usafiri yaandikwe: idadi ya watoto kwa kila gari, orodha ya nani hukaa wapi ili mmoja akiugua ijulikane nani alikuwa karibu naye, na namna ya kuacha madirisha wakati wa mvua. Halafu liongezwe jambo ambalo sijawahi kulisikia likizungumzwa. Wengi wa madereva na matroni hulipwa kwa siku, na asiyekuja hapati kitu. Hivyo mwenye homa humeza vidonge na kushika usukani. Shule inayotaka asiye mzima abaki nyumbani impe malipo ya siku hizo, na iwe na dereva wa akiba mwenye leseni stahiki, si kijana wa kuosha gari anayejua tu kuendesha.