Godoro Lililokataa Kupanda Kilima

Sisi watu wa Pangani tunaujua upepo wa kusi na kaskazi kabla hatujajua kusoma, kwa hiyo nilipopata nafasi ya chuo Dodoma nilijiandaa kwa kila jambo isipokuwa upepo. Nilikuwa na vyeti halisi na nakala zake, picha za pasipoti, ndoo, pasi, na mkebe wa samaki wa kukaanga, kwa kuwa mama aliamini kwamba ukishapita Morogoro samaki hawapatikani tena.

Bwenini nilipewa kitanda cha juu, cha chuma, chenye chaga tupu. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye bila shaka alikuwa akiulizwa jambo hilo tangu asubuhi, aliniambia bila kuinua macho, "Godoro kila mtu anakuja na lake, mdogo wangu. Nenda Sabasaba." Bumu, yaani fedha ya kujikimu, lilikuwa halijatoka, basi nilikwenda sokoni na fedha aliyonipa shangazi kwa ajili ya vitabu, nikanunua godoro la futi mbili na nusu kwa sita, likiwa bado ndani ya nailoni yake, na muuzaji akalifunga kamba ya katani katikati ili nipate pa kushika.

Kwenye daladala konda alilitazama, kisha akanitazama mimi. "Hilo nalo ni abiria, kijana. Linalipa." Nililipa nauli mbili, godoro likakaa dirishani, mimi nikasimama mpaka kituo cha chuo.

Inafaa mgeni ajue kwamba Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza karibu na Desemba na kuishia Aprili, na kwamba vyuo hufungua milango kwa wageni wakati ardhi ni vumbi tupu, miti mingi imepukutisha majani, na hapana kitu cha kumkinga mtu na upepo. Chuo chetu, isitoshe, kimetandazwa juu ya vilima. Nilijitwika godoro langu nikaanza kupanda, na nilipofika nusu ya njia upepo ukaingia chini yake, likainuka kama tanga la ngalawa, likanigeuza, na safari ya kurudi bondeni ikaanza bila ridhaa yangu.

Nilikuwa nimeishika kamba kwa mikono miwili, na miguu ilikuwa ikifuata amri ya godoro. Nilipita katikati ya foleni ya wenzangu waliosubiri usajili, wakanipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tena chuoni hapo. Mbele yao alikuwa akija mzee mmoja mwenye mvi na mkoba, kwa dalili zote mhadhiri, na kwa kuwa nimelelewa vizuri nilimwamkia huku nikipita kinyumenyume: "Shikamoo, mwalimu!" Aliitika "Marahaba" kwa utulivu kabisa, akahamishia mkoba mkono wa pili, akaendelea na safari yake.

Kisha kamba ikakatika. Godoro lilibingirika peke yake hadi kwenye kichaka cha miiba, likanasa, likajinasua, na lingefika barabara kuu kama kijana mmoja mrefu asingeruka na kulilalia kifudifudi.

"Kaka, huku godoro halijitwikwi," alisema akiwa bado amelilalia. Alikuwa mwenyeji wa Mpwapwa, naye ni mwaka wa kwanza. "Linasimamishwa kwa ubavu, ncha iukate upepo."

Tulilibeba hivyo, yeye mbele na mimi nyuma, na kilima kikapandika kana kwamba hapakuwa na upepo. Njiani aliniuliza namba ya chumba changu, swali ambalo nililichukulia kuwa la kirafiki.

Jioni alibisha hodi akiwa na begi na shuka. Alikuwa ameambiwa kwamba vyumba vimejaa, na alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kuangalia hali ya godoro lake.

"Lako?"

"Nusu. Ungebaki na kamba tu."

Hoja hiyo sikuweza kuijibu, na hata leo, baada ya mihadhara mingi ya mantiki, bado siwezi. Kubebana, yaani kumlaza kitandani mwako mwenzako asiye na chumba, kulikatazwa kwa tangazo lililobandikwa mlangoni, nasi tulilisoma wote wawili kabla ya kuufunga mlango. Tulilala mzungu wa nne muhula mzima, yeye akiwa amechagua mapema upande ambao haukuwa na miiba.