Saitokini za kwenye damu hazisemi hali ya mifupa yako

Linaudhi tangazo linalomwambia mwanamke wa miaka 30, mzima, hedhi yake haina tatizo, kwamba akipima damu yake IL-6 na TNF, ambazo ni saitokini (protini ambazo seli, hasa za kinga, hutumia kupashana habari), atajua kama mifupa yake imeanza kudhoofika. Atatoa hela, atapewa namba, na hofu itabaki kwake.

Msingi wa kisayansi upo, siukatai. Mfupa huvunjwa na kujengwa upya maisha yote: seli ziitwazo osteoklasti huumung'unya, na nyingine ziitwazo osteoblasti hujenga. Protini iitwayo RANKL ndiyo inayoziamsha osteoklasti, na protini nyingine, OPG, huinasa RANKL kabla haijazifikia. Saitokini kama TNF, IL-1, IL-6 na IL-17 husukuma RANKL ipande. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni huutuliza msukumo huo.

Lakini yote hayo hufanyika ndani ya mfupa na uboho, seli kwa seli. RANKL nyingi imeshikamana na utando wa seli, haielei kwenye damu. Damu ya mkononi inabeba saitokini kutoka kila pembe ya mwili. Misuli hutoa IL-6 wakati wa mazoezi, kwa hiyo aliyekimbia asubuhi anaweza kusoma namba ya juu kwa sababu ya jambo lililo jema kwa mifupa yake. Mafua ya juzi huipandisha, fizi zinazouma pia, na hata saa ya kutoa damu ina athari. Sampuli ikikaa saa nyingi bila kutenganishwa, seli nyeupe huweza kuendelea kutoa saitokini humo humo kwenye kichupa. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana, na kwa watu wazima wa afya kiwango mara nyingi huwa karibu na kile cha chini kabisa ambacho kipimo kinaweza kukiona.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi: uzito. Mafuta ya mwili hupandisha IL-6, na mwili mzito kwa kawaida huambatana na mfupa wenye madini mengi kwenye DXA, kipimo cha eksirei cha wingi wa madini ya mfupa. Ukilinganisha IL-6 na mifupa bila kuzingatia uzito, uhusiano unaweza kufichika au kugeuka. Mtu mmoja mwenye karatasi moja ya majibu hawezi kuutegua mtego huo.

Pale inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga unaoendeshwa na saitokini hizi, inapokuwa ugonjwa, habari ni nyingine kabisa. Baridi yabisi ya kingamwili, lupus (kinga kushambulia mwili wenyewe), Crohn (ugonjwa wa utumbo) na seliaki (utumbo kudhuriwa na gluteni ya ngano) huweza kula mfupa wa msichana wa miaka 22, na hapo ndipo nguvu zetu zilipaswa kwenda. Kinachomlinda ni kuudhibiti ugonjwa wenyewe. Akianzishiwa prednisolone, dawa ya steroidi, ya miligramu 2.5 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi, mifupa yake ijadiliwe siku hiyo hiyo, maana upotevu wa mfupa huwa mkali katika miezi ya mwanzo. Asiikatishe dawa ghafla. Tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinaweza kushindwa kuziba pengo.

Akipimwa DXA, isomwe alama ya Z, inayomlinganisha na watu wa umri wake, si T, inayomlinganisha na vijana wazima. Z ya −2.0 au chini yake maana yake mfupa uko chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri wake. Hapo sababu itafutwe: vitamini D, tezi ya shingo (thairoidi), seliaki, hedhi iliyopotea miezi 3 au zaidi, dawa anazotumia. Kurudia kipimo kabla ya mwaka kwa kawaida hakusaidii, na kirudiwe kwenye mashine ile ile, la sivyo tofauti ya mashine itasomwa kama tofauti ya mfupa.

Kuhusu dawa za mifupa, aulizwe kwanza kama anatarajia kuzaa. Bisfosfoneti, dawa zinazopunguza kuvunjwa kwa mfupa, hubaki ndani ya mfupa kwa miaka, hivyo zinaweza kuwamo bado akibeba mimba. Denosumab, dawa ya sindano inayozuia RANKL, ikiachwa bila dawa ya kuipokea, mfupa hupotea kwa kasi na pingili za mgongo huweza kuvunjika. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya dozi ya kwanza.