Brigedi ya Wajerumani Lithuania ipigiwe kura bungeni

Tarehe 22 Mei 2025 Kansela wa Ujerumani Friedrich Merz alisimama katikati ya jiji la Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, askari wake wamejipanga mbele yake, akasema kuilinda Vilnius ni kuilinda Berlin. Siku hiyo ilizinduliwa rasmi Brigedi ya 45. Ikikamilika mwaka 2027 itakuwa na askari wapatao 4,800 na raia kama 200, na wenye familia wataweza kuhamia nazo. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia Ujerumani haijawahi kupeleka brigedi nzima kuishi moja kwa moja katika nchi ya watu.

Naiunga mkono brigedi hii. Nalisema mapema kwa sababu Watanzania tuna haki ya kushtuka tukisikia jeshi la Mjerumani linapanuka. Olaf Scholz, aliyekuwa kansela wakati huo, alitangaza mfuko wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi hilo tarehe 27 Februari 2022, na tarehe 27 Februari ndiyo siku ambayo Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Lakini Walithuania wanawataka askari hawa. Walitawaliwa na Moscow hadi walipotangaza uhuru wao mwaka 1990, wamepakana na Belarus upande mmoja na eneo la Urusi la Kaliningrad upande wa pili, na wameona yaliyoipata Ukraine. Hata Radosław Sikorski, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Poland, alisema mjini Berlin mwaka 2011 kwamba haziogopi sana nguvu za Ujerumani kama anavyoanza kuogopa kutochukua hatua kwake. Mpolandi kutamka hivyo, kwa yote waliyotendewa, ni jambo zito.

Kinachonikera ni kwamba askari hawa hawakupelekwa kwa kura ya idhini ya bunge, na kura hiyo ndiyo kitu bora zaidi ambacho Ujerumani ya baada ya vita imejijengea upande wa ulinzi.

Utaratibu ulitokana na hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 12 Julai 1994, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2005. Serikali ikitaka kupeleka askari kwenye operesheni ya silaha nje ya nchi, inawasilisha hoja Bundestag, yaani bunge la Ujerumani: wanakwenda wapi, kufanya nini, wasizidi wangapi, kwa muda gani na kwa gharama gani. Wabunge hawaruhusiwi kuirekebisha. Ni ndiyo au hapana. Muda ukiisha, mara nyingi mwaka mmoja, serikali inarudi kuomba upya, na bunge lina uwezo wa kuwarudisha askari nyumbani wakati wowote. Kansela wa wakati huo, Gerhard Schröder, aliuonja uchungu wake tarehe 16 Novemba 2001, alipolazimika kuifungamanisha kura ya operesheni iliyofuata mashambulizi ya Septemba 11 na kura ya imani kwake. Alihitaji kura 334, akapata 336.

Kura ya namna hiyo humfanya kila mbunge awe na lake la kujibu mambo yakiharibika. Tarehe 4 Septemba 2009, huko Kunduz, Afghanistan, Kanali Georg Klein aliagiza yapigwe mabomu malori mawili ya mafuta yaliyotekwa na Taliban na kukwama mchangani mtoni. Wanakijiji walikuwa wamekuja na madumu yao kuchota mafuta. Raia wengi walikufa. Wizara ya ulinzi ilianza kwa kukana kwamba kuna raia waliouawa, lakini kabla mwaka haujaisha Franz Josef Jung, aliyekuwa waziri wa ulinzi siku ile, alikuwa amejiuzulu, mkuu wa majeshi ameondolewa na kamati ya bunge inachunguza. Haki kamili haikupatikana. Klein hakushtakiwa, na baadaye alipandishwa cheo kuwa jenerali. Ila Wajerumani walijua kilichotendwa kwa jina lao.

Kwa Lithuania, sheria inasema kukaa tu katika nchi mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, bila mapigano kutarajiwa si operesheni ya silaha, kwa hiyo idhini haihitajiki. Kisheria hakuna kosa. Lakini tazama matokeo yake: askari elfu moja na ushee waliokuwa Mali waliombewa kura mwaka hadi mwaka mpaka walipoondoka Desemba 2023, ilhali karibu elfu tano wanaokwenda kukaa jirani na Belarus, mahali ambapo risasi moja inaweza kuiingiza NATO yote vitani, hawaombewi.

Najua jibu la Berlin: bunge bado limeshika mfuko, kwa kuwa linapitisha bajeti na mikataba. Mfuko wenyewe umelegezwa. Machi 2025 katiba ilibadilishwa ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa yasihesabiwe kwenye ukomo wa deni ambalo serikali inaruhusiwa kukopa. Na hata mfuko uliokazwa hautoshi. Bunge la enzi za Kaiza, mfalme wa Ujerumani wakati wa ukoloni, lilikuwa na mamlaka juu ya fedha, lakini amri ya jeshi ilikuwa ya Kaiza. Desemba 1906 lilipokataa kuongeza fedha za vita vya Namibia, Kansela Bülow alilivunja, akaitisha uchaguzi. Huku kwetu mashamba na maghala ya chakula yalikuwa yameshachomwa.

Hoja inayonipa shida kweli ni nyingine. Kura ya kila mwaka ingempa Putin tarehe ya kusubiri kila mwaka, na Mlithuania asingelala. Nakubali. Basi iwe mara moja kwa kila kipindi cha bunge, katika miezi ya kwanza baada ya uchaguzi, na iwe kura ya majina. Bundestag iliyochaguliwa Februari 2025 ilipata wabunge 152 wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kati ya 630, na vyama vingine navyo vina watu wanaosema jambo moja Vilnius na lingine jimboni. Waulizwe sasa, majina yao yaandikwe, wakati askari bado wanahamia na mpakani hakujatokea lolote.