Kidato cha tano Tabora: tarakimu kwanza, Freud baadaye

Mwanafunzi wa kidato cha tano akisikia neno saikolojia, mara nyingi hutarajia mojawapo ya mambo mawili: kujua anachowaza mtu kwa kumtazama usoni, au kuambiwa kama yeye ni sangwini (mchangamfu) ama melankoli (mwenye huzuni). Hilo la pili limeenea sana kwenye semina za ndoa na makongamano ya vijana. Ni mgawanyo wa Wagiriki wa kale, wa majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Wanaopima haiba siku hizi hawatupi watu kwenye makapu manne. Wanaangalia kila mtu yuko wapi kwenye mizani ya sifa kadhaa, na wengi wetu tuko katikati.

Saikolojia haimo kwenye tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita. Wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anakutana na mfumo wa fahamu kwenye Baiolojia, anayesoma BAM (hisabati tumizi ya msingi) anakutana na takwimu, na wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) huenda asilisikie somo lenyewe hadi chuoni. Kinachobaki ni klabu ya shule. Maoni yangu ni kwamba klabu ya namna hiyo, iwe Tabora mjini au Kigoma, isianze na Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, wala orodha ya majina ya kukariri. Ianze na kipimo kimoja cha kumbukumbu, kifanywe sawasawa, na kwa lugha tunazozungumza.

Kipimo chenyewe ni cha tarakimu. Mpimaji anasoma tarakimu moja kila sekunde, mshiriki anasikiliza hadi mwisho, kisha anazirudia kwa mpangilio uleule. Anza na tarakimu tatu, ongeza moja moja hadi tisa, mifuatano miwili kwa kila urefu. Akikosa yote miwili, simamisha. Urefu wa mwisho aliopatia ndio alama yake. Mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu hushika vitu kama saba kwa mara moja, ikipungua au kuzidi mbili, na saba hiyo imekaa kwenye vitini kama vile haina lugha.

Inayo. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Nyingine zote ni silabi moja. Kwetu hakuna hata moja ya silabi moja: nne ni n-ne, mbili ni m-bi-li. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mwingereza Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba mtu hushika kiasi cha maneno anayoweza kuyatamka katika sekunde 2 hivi. Miaka mitano baadaye watafiti Ellis na Hennelly wakapima watu wanaojua Kiwelshi, lugha ya Wales, na Kiingereza. Tarakimu za Kiwelshi huchukua muda zaidi kutamka, na watu walewale walikumbuka chache kwa Kiwelshi. Fikiria mtoto aliyepimwa kwa lugha hiyo kisha akaambiwa akili yake ni nzito.

Kwa hiyo, kabla ya kipimo, kila mshiriki asome kwa sauti karatasi yenye tarakimu 40, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza, ukiandika sekunde. Anayetamka Kiswahili haraka zaidi tunatarajia akumbuke zaidi kwa Kiswahili. Lakini huyu ni mtu aliyefanya hesabu kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Silabi zinaweza kuzidiwa nguvu na mazoea. Na aliyetoka Kasulu, anayehesabu kwa Kiha nyumbani, ana lugha ya tatu ya kupimwa.

Washiriki 20 wanatosha. Kumi waanze na Kiswahili, kumi na Kiingereza, maana anayepimwa mara ya pili ama amezoea ama amechoka. Andaa orodha mbili tofauti, A na B, na katika kila kundi la kumi, watano wasomewe A kwa Kiswahili na watano B. Ili kupata mifuatano, andika 1 hadi 9 kwenye vipande tisa vya karatasi, changanya, chomoa bila kurudisha. Ukitoka mfuatano kama 4-5-6, utupe.

Yanayoharibu kazi ni madogo madogo. Msomaji hushusha sauti akifika mwisho, au husoma kwa mafungu ya tatu tatu kama anayetaja namba ya simu, na mafungu humsaidia msikilizaji kukumbuka. Nne na nane husikika karibu sawa kwa aliyeketi mbali. Wanaosubiri zamu husikiliza dirishani. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, basi tumia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Kidato cha tano wanaripoti Julai, na kiangazi ndio wakati mzuri: mvua za Tabora zikianza Novemba, chini ya bati hakuna kipimo cha kusikiliza kitakachofaa. Msomaji awe mmoja kwa wote, kwa jioni mbili. Ishirini kwa siku moja watamkausha koo.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Kwa kila mshiriki toa alama ya Kiingereza kwenye ya Kiswahili, waweke kando waliopata sifuri, kisha hesabu wangapi wameelekea upande gani. Kama wote 20 wamebaki na 15 au zaidi wako upande mmoja, ni kama kurusha shilingi mara 20: matokeo ya hivyo hutokea kwa bahati tupu chini ya mara 5 katika 100. Wakiwa 12 kwa 8, huna la kutangaza, na hilo nalo liandikwe ubaoni bila aibu.

Jambo moja nalisisitiza kuliko takwimu. Karatasi ziwe na namba, si majina, na anayetaka kuacha aache bila kuulizwa. Kipimo hiki hakipimi akili, na mwalimu akiomba orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho, asipewe.

Baada ya hapo mnaweza kwenda kwenye orodha za maneno, kwa tahadhari ileile. Mtoto wa Ujiji amekula mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, tangu hajaota meno. Mwenzake wa Nzega anaweza kulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza siku ya kipimo. Mpe kila mmoja orodha kabla, azungushie duara maneno asiyoyajua, kisha uyaondoe kwa wote.