Pesa ya breki iende kwenye pedi na mafuta kabla ya diski za matobo

Chukua diski ya mbele yenye matobo iliyotoka kwenye gari lililokimbizwa siku nzima kwenye uwanja wa lami wa mbio za magari. Ipanguse vumbi, igeuze juani. Utaona nyufa nyembamba kama unywele, zimeanzia ukingoni mwa tobo moja na kulifuata tobo la jirani. Pitisha ukucha. Ukinasa, diski hiyo imekwisha hata kama unene wake haujapungua. Na hiyo ndiyo diski ambayo wenye Subaru, Altezza na Mark X hapa Dodoma huiulizia kwanza kwenye maduka ya spea, kwa kuwa inapendeza nyuma ya rimu. Pesa inayobaki ndiyo inanunua pedi, za bei yoyote zilizopo. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho, na kunaweza kumgharimu mtu maisha.

Kazi kubwa ya diski ni kubeba joto. Tupige hesabu. Gari la kilo 1,400 likishuka kutoka kilomita 160 hadi 80 kwa saa, breki zinatakiwa kumeza nishati ya karibu megajuli 1. Za mbele hubeba kama asilimia 70. Ikiwa kila diski ya mbele ina kilo 8, kukanyaga mara moja tu kunaipandisha takriban nyuzi joto 100 za sentigredi kabla upepo haujaanza kuipooza. Weka kona nne au tano kali kwenye mzunguko mmoja, rudia mizunguko sita, uone inapofika. Kinachookoa hapo ni wingi wa chuma, pamoja na hewa inayopita katikati ya mapezi ya ndani. Matobo yanapunguza chuma hicho, kisha yanauonyesha ufa pa kuanzia. Yalikuwa na maana wakati pedi zilipokuwa zinatoa gesi nyingi zikipata moto. Pedi nzuri za leo hazitoi gesi kiasi hicho.

Rali za vumbi ndizo tulizozizoea zaidi nchini, na mafundi wetu wengi wamejifunzia huko. Lakini kwenye vumbi tairi linaanza kuteleza kabla breki hazijaelemewa. Kwenye lami kavu tairi linang'ang'ania, na mwendo wote unageuka joto. Ongeza kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo uwezo wake wa kupooza breki unapungua.

Nunua diski ya kawaida yenye mapezi, ya chuma chenye kaboni nyingi, kutoka kiwanda kinachojulikana. Ukitaka kuongeza kitu, chukua yenye mifereji michache usoni, ambayo hufagia vumbi na gesi ila hula pedi haraka kidogo. Mapezi yakiwa yamepinda, diski ya kushoto na ya kulia si moja: mapezi yanatakiwa kulalia nyuma tairi linapozunguka kwenda mbele, ili yasukume hewa nje. Wengi huangalia mifereji badala ya mapezi na kufunga kinyume. Diski za vipande viwili zenye kitovu cha alumini ni nzuri kweli, lakini ziache mpaka mengine yote yakamilike.

Unene upimwe kwa maikromita. Diski ya mbele ya Impreza WRX yenye kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni nne ina kipenyo cha milimita 294, unene 24 ikiwa mpya, na mwisho wake ni 22. Kiwango cha mwisho huwa kimegongwa kwenye diski yenyewe. Kwa uwanjani usingoje ifike huko, maana diski iliyokonda inapata moto upesi. Ndiyo maana sipendi kuona diski ya kukimbizia inapelekwa kukerezwa kila usukani unapotetemeka. Mara nyingi diski haijapinda. Ni masalia ya pedi yameganda kwa mabaka, au habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski inafungwa, ina kutu na diski haijakaa sawa.

Tuje kwenye pedi. Pembeni au mgongoni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko wa hali ya kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa na moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Chini ya FF usiingie nayo uwanjani. Hata hivyo herufi hazisemi pedi itavumilia nyuzi 500 au 600, kwa hiyo soma kiwango cha joto ambacho mtengenezaji amekitaja. Pedi nyingi za barabarani huanza kulegea zikipita nyuzi 300 na kitu. Za uwanjani zinafika 600 na zaidi, lakini zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele na zinakula diski. Usiende nazo kazini Mtumba asubuhi. Kuwa na seti mbili, ubadilishe kabla na baada. Na usiweke pedi kali nyuma huku mbele umeacha za kawaida: tairi za nyuma zitawahi kujifunga na gari litazunguka.

Jifunze kutofautisha magonjwa mawili. Pedeli ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama hadi chini, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mapovu. La pili ndilo linalotisha, na dawa yake ndiyo rahisi kuliko zote. Madaraja ya mafuta hayo huandikwa DOT kwenye kopo: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230, DOT 5.1 kuanzia 260. Ikishanyonya unyevu, DOT 4 inaweza kushuka hadi 155. Ya mashindano hupita 300 ikiwa mpya. Kwa kawaida lita 1 inatosha kusukuma ya zamani yote na kutoa upepo magurudumu manne. Nunua kopo lenye lakiri, usikubali kupimiwa kutoka kopo lililokaa wazi. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

Wakati wa kufunga, piga habu brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Diski ikishakaa, mcheuko wake (kuyumba kwake ikizunguka) upimwe kwa saa ya kupimia, na usizidi milimita 0.05. Kwa kalipa za kuteleza, toa pini, zifute, upake girisi ya silikoni inayovumilia joto. Girisi ya kawaida huvimbisha mipira. Vumbi letu la kiangazi linaziganda pini hizo kimyakimya. Pedi ya ndani ikiwa imeisha kuliko ya nje kwa zaidi ya milimita 2, anza kutafuta hapo. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba na kwa toki renchi, 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo.

Pedi mpya lazima zizoeshwe na diski. Fanya hivyo ndani ya uwanja uliofungwa, usithubutu kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya mji. Shuka kutoka 100 hadi 20 mara nane hadi kumi mfululizo, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo, bila kusimama kabisa. Kisha endesha taratibu dakika 10 hadi 15 bila kugusa breki. Ukisimama na mguu juu ya pedeli wakati diski ina moto, pedi inaacha alama yake pale pale, na usukani utaanza kutetemeka.

Mzunguko wa mwisho uwe wa kupooza. Ukiegesha, weka gia na jiwe nyuma ya tairi, usivute handibreki. Diski zikipoa, toa tairi upime pedi. Barabarani watu huziacha mpaka milimita 3, lakini kwa uwanjani zitoe zikifika 6, kwa sababu pedi iliyokonda haizuii tena joto kupita kwenye pistoni na kuyafikia mafuta.